Tundu la Kipini

Kitu cha kwanza kugoma kilikuwa taya.

Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yetu, kama ile ilistahili kuitwa nyumba, maana ilikuwa miti iliyosimikwa na nyasi juu yake, tukitafuna matobolwa. Asiyeyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikawa vikavu kama vipande vya mti. Yanachosha meno hata ya mtu mzima. Kwa hiyo niliposikia maumivu chini ya masikio, nilimwambia mama, "Haya ya mwaka huu magumu." Mama akanichovyea kimoja kwenye chai, akanipa. Nikakitia mdomoni, kikakaa hapo. Taya halikutaka kushuka wala kupanda.

"Umechoka tu," mama alisema. "Lala."

Sote tulikuwa tumechoka. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, na sisi tulikuwa tumeletwa na lori kutoka ndani ya msitu, kwenye makazi yetu ya zamani, hadi kijiji kipya karibu na stesheni ya Kigwa. Baba alikuwa mrina asali, na mizinga yake mingi ilibaki kule kwenye miombo. Tuligawiwa kiwanja katika mstari pamoja na watu ambao hatukuwajua, na ng'ombe wa jirani walilala karibu sana na mlango wetu kwa sababu maboma yalikuwa hayajajengwa.

Na mimi nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu aliitwa Salimu, kijana wa Chemchem, Tabora mjini. Ukoo wa baba yake ulitoka Omani zamani za misafara, ukafanya biashara Tabora na haukurudi tena. Salimu alikuja kwetu mara ya kwanza kununua nta kwa baba, akarudi mara nyingi kuliko nta ilivyohitaji. Mama yake, Bi Zuwena, alipokubali posa alituma zawadi: kipini cha dhahabu, kidogo kama punje ya mtama, kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Akaagiza kwamba wanawake wa nyumba yake huvaa kipini puani siku wanayoolewa, na angefurahi sana nami nikikivaa. Masikio nilikuwa nimetobolewa tangu mdogo. Pua hapana.

Aliyenitoboa ni Shangazi Kalunde, dada mkubwa wa baba. Ndiye aliyemlea baba baada ya mama yao kufariki, na neno lake kwetu lilikuwa zito. Masikio yote ya ukoo wetu yalipita mikononi mwake. Nataka nimtendee haki hapa, kwa kuwa watu wengi walimsema vibaya baadaye. Aliosha mikono kwa sabuni. Sindano aliishika motoni hadi ikawa nyekundu, akaiacha ipoe bila kuiweka chini. Alinipapasa pua kwa muda mrefu akitafuta mahali penye nyama nyembamba, na alipochoma, nilisikia uchungu mmoja mkali, basi.

Tatizo lilikuja baada ya hapo. Tundu likiachwa tupu linajifunga. Kule makazi ya zamani angepitisha uzi mpya wa kushonea, lakini kijijini hapakuwa na uzi, na dukani hapakuwa na uzi. Akageuka, akachomoa kijiti kimoja kwenye ufagio ulioegemezwa ukutani, akakivunja kipande, akakipitisha kwenye tundu. Akapaka samli iliyochanganywa na majivu.

"Kaa nacho hadi kidonda kikauke," aliniambia. "Halafu tutaweka dhahabu."

Kidonda kilikauka. Kilivimba kidogo, kikapoa, nikasahau kama kijiti kimo. Ndiyo maana taya lilipogoma hakuna aliyefikiria pua.

Siku iliyofuata shingo ilikakamaa. Nilipotaka kumtazama mtu, niligeuka mwili mzima. Mchana mama aliniangalia akiwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, mama."

"Mbona unacheka?"

Nikajigusa usoni. Midomo yangu ilikuwa imevutwa pembeni, meno yako nje, mashavu magumu kama ngozi ya ngoma. Nilijaribu kuifunga midomo kwa vidole. Ikarudi palepale. Uso wangu ulikuwa ukicheka, na ndani yangu nilikuwa nimejaa hofu tupu.

Wakati huohuo mfuniko wa sufuria ulianguka. Ni sauti ndogo tu, lakini mgongo wangu ulijipinda kama upinde, kichwa kikarudi nyuma, miguu ikanyooka, nikaanguka ubavu. Sikuweza kuvuta pumzi. Maumivu yale sina namna ya kuyaeleza. Fikiria mkazo wa misuli ule unaokushika unyayoni usingizini, kisha uufikirie umeshika mwili wote kwa pamoja. Ulipoachia, nilimsikia mama akilia kwa Kinyamwezi, akimwita mama yake, "Mayo wane! Mayo wane!"

Shangazi alikuja mbio. Alinitazama, akakaa chini polepole.

"Huyu ameingiliwa," alisema. "Tumehamishwa bila kuaga makaburi yetu. Nilisema tangu siku ya lori."

"Wifi, makaburi hayafungi taya la mtu," mama alijibu.

"Wewe unajua nini? Kuna mzee upande wa Sikonge anayetuliza mizimu. Tumpeleke leo."

"Haendi kokote ila hospitali."

Walikuwa wamesimama mmoja upande huu wangu na mwingine upande ule, na kila sauti zilipopanda nilihisi mgongo unaanza kukaza tena. Nilitaka kuwaambia wanyamaze. Meno hayakufunguka. Baba alikuwa kwenye kizingiti, kofia mkononi. Maishani mwangu sikuwahi kumwona akimpinga dada yake.

"Dada," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini sana, "twende kwanza zahanati. Wakishindwa, nitafanya utakavyo."

Shangazi akachukua kanga yake na kutangulia njiani.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana mwembamba. Alinisalimu, akaniambia nifungue mdomo kadiri ninavyoweza. Ulifunguka kiasi cha kupitisha kucha. Akaingiza kijiti bapa hadi kooni. Mtu mwingine angetaka kutapika. Mimi niliking'ata, na hakikutoka hadi aliposubiri taya liachie lenyewe. Uso wake ukabadilika.

"Umekanyaga msumari? Umejikata na jembe?"

Nilitikisa macho, kwa kuwa kichwa hakikutikisika. Akakagua nyayo zangu, katikati ya vidole, magoti, viganja. Alipofika usoni alisimama.

"Hiki puani ni nini?"

"Kijiti tu," Shangazi alisema. "Kinashikilia tundu la kipini."

"Kimetoka wapi?"

"Kwenye ufagio."

"Ufagio wa ndani au wa nje?"

"Wa nje," Shangazi alisema. "Unaofagia pale penye ng'ombe."

Tabibu akakichomoa kile kijiti kwa koleo dogo, akakifunga kwenye pamba. "Ni pepopunda," alimwambia baba. "Lazima afike Tabora leo."

"Mmesikia?" Shangazi alimgeukia mama. "Hata yeye anasema pepo!"

"Mama, hilo ni jina tu," tabibu alisema kwa upole. "Hapa hakuna pepo. Ni uchafu wa samadi ulioingia kwenye kidonda. Dawa yake iko hospitali kubwa, mimi hapa sina."

Kisha alitupa masharti. Nifunikwe macho. Nisiguswe ghafla. Nisipewe hata tone la maji, ningepaliwa. Na watu wasipige kelele karibu nami.

Sasa niambie, mtu asipigiwe kelele vipi stesheni ya treni?

Tulingoja kwenye benchi la saruji. Mama alikuwa amenifunika kanga kichwani, na kupitia kitambaa niliona vivuli vya watu wakipita na mizigo. Mwanamke mmoja alikaa karibu, upepo ukainua kanga. "Jamani, huyu binti anafurahi hivi, anakwenda harusini?" Mama alirudisha kanga mahali pake, akaishikilia isipeperuke tena.

Treni ilichelewa. Ilipokuja ilikuja na king'ora chake. Baba alikuwa amekwenda kumwomba bwana stesheni, lakini treni haiingii stesheni kimyakimya kwa ajili ya mtu mmoja. Mama aliyaziba masikio yangu kwa viganja, akaniinamia kwa kifua chake. Haikusaidia. Nilipinda pale benchini mbele ya watu wote, nikauma ulimi, na nilipoweza kusikia tena nikasikia watu wakivuta watoto wao mbali.

Ndani ya behewa ilikuwa tofauti, na nawashukuru watu wale hadi leo. Baba aliwaeleza kwa maneno machache. Mazungumzo yakazimika benchi hadi benchi. Mzee mmoja aliyekuwa na kuku kwenye tenga alinyanyuka bila kuombwa, akawabeba kuku wake, akahamia behewa lingine. Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha alimpa mwanawe titi kila alipoanza kulalamika. Tulisafiri hivyo hadi Tabora, watu wazima wakinong'ona kama wako msibani, na mimi nikihesabiwa pumzi na mama. Mara mbili pumzi zilikatika, na mara mbili zilirudi.

Hospitalini kulikuwa na foleni ndefu kwenye benchi la mapokezi. Sista mmoja, mama mnene wa makamo aliyeitwa Yustina, alipita na sinia la dawa, akaniona, akaweka sinia chini. Hatukukaa foleni. Alinipeleka kwenye chumba kidogo mwishoni mwa korido, akapachika blanketi dirishani hadi chumba kikawa giza, akawaambia wote wavue viatu. Daktari alikuja akitembea na soksi. Walinichoma sindano ndogo mkononi kwanza, wakangoja waone kama mwili unaikubali ile dawa, ndipo wakanichoma nyingi pajani na kalioni. Ile sehemu ya pua waliikata na kuiosha. Wakapitisha mpira mwembamba puani, upande wa pili, hadi tumboni, na kupitia mpira huo nilikula maziwa na uji mwepesi siku zote zilizofuata.

Kuna jambo moja nataka ndugu wa mgonjwa walijue, kwa sababu wengi hawaambiwi. Akili haiondoki. Dawa za usingizi zilinizamisha, lakini kila nilipoibuka nilikuwa mimi mwenyewe, nasikia kila kitu, naelewa kila kitu, nimefungwa ndani ya mwili unaocheka. Nilisikia sista mmoja kijana akimwuliza mwenzake, "Huyu atafika Jumapili?" Nilisikia pia jibu la Sista Yustina: "Anakusikia. Toka nje." Msiseme maneno ya msiba kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hii.

Mama aliruhusiwa kukaa nami. Baba alirudi kijijini, kwani wakati ule kutoonekana kwenye kazi za kijiji kulikuwa na maswali yake. Shangazi alibaki mjini kwa jamaa. Kila asubuhi alikuja na uji kwenye chupa ya chai, na kila asubuhi mama aliupokea mlangoni bila kumwangalia usoni. Shangazi alikaa kwenye benchi la korido hadi jioni. Nilizijua hatua zake. Alikuwa akiburuza kidogo mguu wa kushoto. Siku moja nilimsikia akisema, "Wifi, niruhusu nimwone tu." Mama akajibu, "Ulishamwona vya kutosha."

Lile neno liliniuma kuliko sindano. Lakini sikuwa na mdomo wa kulirudisha.

Bi Zuwena naye alikuja. Nilisikia harufu ya udi kabla sijaona buibui lake mlangoni. Alivua viatu, akasogea, akaniangalia. Nilijua anachokiona, mkwe mtarajiwa anayemkenulia meno kwenye giza. Alianza kusoma dua chinichini, akatoka haraka. Baada ya hapo tulisikia kwamba mjini wanasema bibi harusi ana jini, na mjumbe akaletwa kwa mama, mtu wa heshima sana mwenye maneno laini, kusema kwamba harusi isubiri hadi Mungu atakapopenda. Mama alimwitikia vizuri, akamsindikiza, kisha akarudi akanilalia miguuni akalia bila sauti. Kulia kwa sauti kulikuwa marufuku mle ndani.

Wakati huo kiangazi kilikuwa kinaisha. Moshi wa misitu inayochomwa uliingia hata kwenye shuka. Joto lilikuwa kali, na chumba chenye blanketi dirishani kilikuwa kama tanuri. Mama alinipepea kwa kipande cha boksi, taratibu, ili upepo wenyewe usinishtue. Mikazo ilikuwa imepungua nguvu, lakini haikuwa imekwisha, na daktari alisema moyo wangu umechoka. Alimwambia mama pale mlangoni, kwa kunong'ona, kwamba mkazo mmoja mkubwa unaweza kunimaliza.

Na paa la hospitali lilikuwa la bati.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri. Nilisikia upepo ukivuma kwenye korido, milango ikibamizwa mbali, halafu ngurumo moja kutoka upande wa Kazeh Hill au kwingineko, sikujua. Mwili ukaanza kukaza kuanzia shingoni. Sista Yustina aliingia na sindano ya usingizi, akanichoma upesi, lakini dawa huchukua muda na mvua haikungoja. Matone ya kwanza yalipiga bati kama mtu anayemwaga kokoto.

Wakanijaza pamba masikioni. Sista akakunja mto, akaushika upande mmoja wa kichwa changu, mama akashika upande wa pili. Mtu wa tatu alihitajika kushika miguu, kwa maana niliponyooka nilikuwa nateleza kitandani. Sista akaangalia mlangoni, akasema, "Wewe mama uliye kwenye benchi, ingia."

Shangazi akaingia.

Mama alimwona. Wakatazamana juu yangu, mvua ikapasuka yote kwa pamoja, na hapakuwa na nafasi ya kusema chochote. Shangazi akapanda kitandani, akaikumbatia miguu yangu kifuani kama mtu anayebeba kuni. Nilipinda. Nilipinda tena. Nakumbuka uso wa mama umebadilika, mdomo wake unasema jina langu, Mwasiti, Mwasiti, na mimi sisikii. Nakumbuka kutaka hewa na kuikosa, na kifua kuwa kizito, na giza la chumba kuwa giza la aina nyingine. Halafu Sista Yustina alinifunika puani kitu cha mpira, akawa anasukuma hewa kwa mkono wake. Dawa ikashika.

Nilipoibuka, mvua ilikuwa ya kawaida tu, inanyesha sawasawa. Mama alikuwa amelala ameegemea ukuta. Shangazi alikuwa bado ameishika miguu yangu, kanga yake imelowa jasho, na mkono wa mama ulikuwa begani kwake. Sijui nani aliuweka au walisemezana nini. Sikuwahi kuuliza, na wao hawakuniambia.

Tangu siku ile walikaa zamu.

Kupona kulikwenda kwa vidole. Sista alipima mdomo wangu kila wiki kwa kuweka kidole kati ya meno. Mwanzo hakikuingia. Mvua zilipokuwa zimeshika sawasawa kiliingia kimoja. Wakati watu wanapanda mahindi viliingia viwili, wakatoa mpira puani, nikanywa uji kwa kijiko na kulia kwa utamu wake. Miguu ilikuwa imekonda hadi magoti yakaonekana makubwa kuliko mapaja. Nilijifunza kutembea nikishika ukuta wa korido, nikikaa kwenye kila benchi. Meno mawili yalikuwa yamevunjika ncha. Mgongo ulikuwa umeumia kutokana na ile mikazo, na nilipopimwa urefu ilibainika nimepungua kidogo. Hadi leo baridi ya Julai ikija huuma pale pale.

Salimu alikuja nikiwa kwenye moja ya mabenchi yale. Mara ya mwisho kuniona alikuwa ameruhusiwa kusimama mlangoni tu. Alikaa mwisho wa benchi, akatazama mikono yake.

"Hujambo, Mwasiti?"

"Sijambo."

"Wanasema huwezi kuongea."

"Nani wanasema?"

Akacheka. Mimi pia nilicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi uso wangu ulifanya nilichotaka mwenyewe. Alisema mama yake ana hofu, na kwamba hofu za mama yake yeye atazishughulikia. Hakusema zaidi. Tulioana baada ya mavuno, bila ngoma kubwa. Bi Zuwena alinivalisha mkufu wake shingoni kwa mkono wake mwenyewe, na kipini hakikutajwa. Ule upande wa pua una kovu. Tundu lilishaziba.

Naandika haya kwa sababu naona mabinti siku hizi wakitobolewa masikio, pua, hata kitovu, kwenye vibaraza vya saluni, sindano moja inapita kwa huyu na kwa yule. Sisemi msitoboe. Pambo ni pambo, na mwanamke ana haki ya kujipamba. Nasema muulize. Ulizeni sindano imetoka wapi, na kama ni mpya, ifunguliwe mbele yenu. Ulizeni kitakachobaki ndani ya tundu ni nini, maana sindano inapita mara moja, lakini hicho kinakaa na kidonda siku nyingi. Msipake majivu, msipake samli, msipake chochote msichopewa na mhudumu wa afya. Na msione haya, ulizeni kama mmechanjwa pepopunda. Mimi nilidhani kwa kuwa nimeugua nimeshamalizana nayo. Sista Yustina aliniambia la, ugonjwa huu haukuachii kinga, na akanianzishia chanjo kabla sijaruhusiwa kutoka.

Binti yetu alipozaliwa tulikuwa tunaishi Chemchem. Alipotimiza umri wa kuvalishwa hereni, Shangazi Kalunde akaja kutoka Kigwa kwa treni, na asali na mtama, na kitambaa kilichofungwa fundo. Tulisalimiana, nikampa chai. Akamchukua mtoto, akampapasa ndewe za masikio kwa vidole vyake, kama alivyonipapasa mimi.

"Nyama nzuri," alisema. "Zitatoboka bila taabu."

Nilijua siku ile itakuja, na nilikuwa nimeiogopa kuliko nilivyoiogopa leba. Huyu ndiye aliyenishika miguu. Tangu nilipougua, kijijini watu walikuwa wameacha kumletea watoto wao. Mimi nikikataa, basi amekwisha. Na nisipokataa?

"Shangazi," nilisema. Nikamsogezea kikombe chake cha chai. Nikaanza tena. "Shangazi, nimepanga kumpeleka kliniki. Wanatoboa pale."

Hakuninyanyulia macho. Alilifungua fundo la kitambaa, polepole. Ndani kulikuwa na sindano iliyo bado kwenye karatasi yake ya dukani na kidonge cha uzi mweupe ambao haujaguswa.

"Nilinunua vipya," alisema.

"Naona."

"Havitoshi?"

"Havitoshi, Shangazi. Wanachemsha. Halafu wanaweka hereni iliyochemshwa, siyo uzi."

Alivifunga tena. Mtoto alikuwa anacheza na ncha ya kanga yake. Nilingoja anyanyuke aondoke, maana ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuondoka. Alimaliza chai yake, akasema, "Basi twende sote. Nataka nione wanafanyaje."

Kliniki ilikuwa imejaa akina mama. Tulipoingia, nesi alikuwa na chombo cha chuma juu ya jiko, maji yanatokota, na vipini viwili vidogo vya masikioni vya dhahabu nilivyompa vikiwa ndani. Shangazi alisogea hadi mvuke ukampiga usoni. Akauliza vinachemshwa muda gani, maji yanabadilishwa lini, koleo lenyewe nalo linachemshwa au la. Nesi alijibu yote. Kisha akachukua kalamu ili aweke alama masikioni, akaanza kupima kwa jicho, akasita, akapima tena.

"Hapo upande wa kushoto pako juu," Shangazi alisema. "Atakuwa kichekesho akikua."

Nesi alimtazama yule bibi, akamtazama mtoto. Akampa kalamu.

"Weka wewe, bibi. Osha mikono kwanza."

Shangazi akaosha mikono, akaweka nukta mbili. Nesi akasafisha, akatoboa sawasawa juu ya zile nukta, sikio moja kisha la pili. Mtoto alilia kwa hasira, nikampa titi, akanyamaza akiwa bado na machozi. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa naokota kanga yangu nilipoona Shangazi hajanyanyuka kwenye kiti.

"Mjukuu wangu," alimwambia nesi, "ile sindano ya kuzuia pepopunda, wanadungwa wenye mimba tu?"

"Hata wewe unaweza, bibi."

"Nidunge."

Alipandisha mkono wa gauni. Yule mwanamke aliyekuwa ametoboa masikio ya ukoo mzima alikuwa hajawahi kuchomwa sindano ya hospitali maishani mwake. Nesi alipokaribia na bomba, Shangazi aliukunja uso wote, akanyoosha mkono wa pili hewani akinitafuta. Nikampa wangu. Aliubana kwa nguvu hadi ikaisha.